Mashine ya Mzee Dualeh na Barabara ya Gotu

Bulapesa, Isiolo
12 Januari 2025

Ndugu yangu Rimberia,

Muga. Nakusalimu kwa niaba ya wote waliobaki nyumbani, na kwanza mama, ambaye ameketi hapa mlangoni akichambua maharagwe na kunikumbusha kila mara nisisahau kuandika kwamba anakuombea. Mvua ilikatika mapema, kwa hivyo shamba la kule juu mlimani limetoa kidogo, lakini hatujalala njaa. Presha yake imetulia tangu walipombadilishia dawa. Jumapili alisimama kanisani akaomba waumini waikumbuke rufaa yako. Wakili amemwambia kuna matumaini, na neno hilo amelishika kama mtu aliyeshika kamba kisimani.

Siku ya Krismasi tulikuja. Askari alirudi akasema umekataa kutoka. Mama aliuliza kama unaumwa, nami nikamwambia ndiyo, huenda ni malaria. Tuliacha sabuni na sukari pale langoni. Sikuulizi kwa nini.

Nimeandika kwa sababu nyingine. Mzee Dualeh anafunga kile chumba cha michezo nyuma ya duka lake la simiti, wanawe wanataka mahali pa kuweka mabati. Aliniita niangalie kama kuna cha kuokoa. Nikakuta ile mashine ya mbio za magari bado iko, ile aliyoileta kwa lori kutoka Mombasa tukiwa watoto, yenye kiti, usukani na pedeli kama gari la kweli. Wewe ulikuwa ukiiendesha mpaka madereva wa masafa marefu wanasimama nyuma yako na vikombe vya chai mkononi. Mzee aliniambia, "Chukua, Kinanu. Sijaiuza kwa sababu hakuna aliyeitaka."

Sasa imejaa nusu ya duka langu la kutengeneza simu. Mchwa wamekula ubao wa chini, na panya walizaa ndani ya kiti. Nimejaribu usukani peke yake kwa mita ya kupimia umeme: ukikata kushoto, mita inasema kulia. Wewe ndiye uliyekuwa ukiifungua mashine hii Dualeh alipokosa fundi. Nifanye nini?

Dada yako,
Kinanu


Gerezani
2 Machi 2025

Dada Kinanu,

Salamu zako nimezipata. Barua ilifika ikiwa imeshafunguliwa, kama zinavyofika zote. Msalimie mama. Mwambie nakula na ninalala.

Hiyo mashine ichome. Mbao ni kuni, na vyuma wape wanaonunua skrepu. Sitaki kusikia habari zake tena, na sitaki uniulize inavyofanya kazi. Una simu za watu za kutengeneza, tengeneza hizo.

Ila kama utafungua TV yake kabla hujaichoma, kumbuka tyubu ya zamani inaweka umeme hata ikiwa imezimwa miaka. Chukua bisibisi ndefu yenye mpini wa plastiki, funga waya kwenye chuma chake, upande wa pili wa waya ufunge kwenye fremu, halafu uisukume chini ya kile kifuniko cha raba mpaka usikie inalia. Mkono mwingine uweke mfukoni.

Rimberia


Bulapesa
23 Machi 2025

Ndugu yangu,

Tumshukuru Mungu kwamba unakula na unalala. Nilimsomea mama maneno hayo, akaniambia niyarudie. Wingu limeanza kujikusanya upande wa Nyambene, na watu wanatayarisha mashamba. Binti wa jirani ameolewa Maua, kwa hivyo ile kelele ya redio ya asubuhi imehamia huko.

Hayo ya tyubu nimeyajua tangu nilipofungua duka hili, na wewe unajua kwamba nayajua. Lakini niliyafanya jinsi ulivyoandika, na mkono nikautia mfukoni. Ililia. Ingeniua, Rimberia, au ingenitupa ukutani.

Sijaichoma. Nimekata ubao wa chini wote na kuweka plaiwudi mpya, nikaipaka rangi ile nyekundu ya zamani, ingawa yangu imekuwa nyeusi kidogo. Kapasita za TV zilikuwa zimevimba kama kunde zilizolowekwa, nimezibadilisha zote. Bodi kuu nimeisafisha kwa spiriti na brashi ya meno. Bado usukani, na sasa pedeli imelegea, ukiikanyaga hairudi.

Siku za mnada wa mbuzi huja mwanaume mmoja kutoka upande wa Gotu. Alileta redio ndogo iliyopasuka, nikaitengeneza, lakini hakuacha kuja. Hukaa kwenye benchi langu akitazama ninavyofanya. Alinisaidia kuinua TV kuirudisha mahali pake. Nilimuuliza kama anaijua mashine hii, akasema amesikia habari zake.

Niambie juu ya usukani. Tafadhali.

Kinanu


Gerezani
20 Aprili 2025, Jumapili ya Pasaka

Dada,

Leo tumepewa wali, na kwaya ya akina mama kutoka mjini ilikuja kutuimbia uwanjani. Mmoja alikuwa na sauti ya mama, nikarudi ndani mapema. Nimehamishwa kutoka shambani, sasa niko karakana ya seremala. Tunatengeneza madawati ya shule. Mkono umeanza kuzoea randa.

Nyuma ya usukani kuna kifaa kidogo cha mviringo chenye nyaya tatu. Ya katikati usiiguse. Zile za pembeni zibadilishane nafasi. Fundi wa Nanyuki aliyekuja zamani ndiye aliyezikosea, na mimi nikazoea kuendesha kinyume kwa muda mrefu kabla sijagundua, kisha nikaziacha hivyo. Kwa pedeli, springi ya stendi ya baiskeli inatosha. Usitumie ya gari, itakuwa ngumu na watoto hawataifikisha chini.

Ukiiwasha usiiache iendelee kwa muda mrefu siku ya kwanza. Itanuka kama nywele zinazoungua. Hilo ni vumbi tu.

Ulisema watu wanatoka Gotu kuja dukani kwako. Usizungumze nao habari zangu.

Msalimie mama. Kama anataka kunitumia kitu, soksi.

Rimberia


Bulapesa
1 Juni 2025

Ndugu yangu mpendwa,

Mama hajambo. Soksi amezifuma mwenyewe kwa uzi wa kijivu na ziko njiani. Mahindi yamefika magotini. Mchungaji mpya amekuja kanisani, ni kijana, anahubiri kwa kifupi, na wazee wanalalamika kwamba hawapati muda wa kusinzia.

Mashine imewaka. Ilinuka kama ulivyosema. Kwanza palitokea mistari, halafu milima, halafu barabara, na lile gari jekundu likaja likasimama mbele yangu. Rangi ya kijani bado ni hafifu, kwa hivyo miti inaonekana kama imekaushwa na kiangazi. Sauti inakwaruza. Lakini usukani unakwenda unakotaka wewe, na pedeli inarudi.

Sasa nitakueleza lililotokea siku hiyo, na nakuomba usome mpaka mwisho.

Yule mwanaume wa redio alikuwa amekaa kwenye benchi. Ilipowaka akasimama, akaniomba akae kwenye kiti. Nikamwashia. Aliushika usukani kwa mikono miwili kama anavyoshikwa ng'ombe wa mtu mwingine, kwa tahadhari. Aliendesha polepole. Magari mengine yalimpita. Hakugonga kitu, hakutoka njiani. Halafu kioo kikaandika kwamba muda umekwisha, na gari likasimama lenyewe.

Akaniuliza limesimama kwa nini, wakati hajagonga mtu. Nikamweleza kwamba mchezo uko hivyo: ni lazima ufike kwenye lango kabla muda haujaisha, ukifika unaongezewa mwingine, ukichelewa unatolewa.

"Kwa hivyo ukienda pole inakutoa," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Hata kama umeendesha vizuri."

Nikasema ndiyo.

Akaniomba nimwashie tena. Safari hii alikanyaga mpaka chini. Kwenye kona ya pili akatoka barabarani, gari likapinduka mara nyingi, likawaka moto, halafu likarudi katikati ya barabara likiwa zima, jekundu, likimngoja. Aliliangalia. Hakukanyaga tena. Aliketi pale mpaka muda ukaisha wenyewe.

"Na huyu akigonga," akasema, "anaanza tena."

Kisha akalitaja jina la yule mtoto aliyegongwa Gotu. Akasema yeye ndiye baba yake.

Mwanaume huyo anaitwa Roba. Sikumjua kwa sababu siku za kesi alikuwa mbali akichunga mifugo, na aliyesimama kortini kwa ajili yao alikuwa ndugu yake, Abdub. Nilidhani amekuja kunidhuru, nikatazama mlango uko wapi. Aliliona hilo, akarudi kwenye benchi, akakaa, akaweka fimbo yake sakafuni. Akasema alisikia kwamba dada wa yule dereva ana duka, akataka kuona watu wa nyumba hiyo ni watu wa aina gani. Alikuja mara ya kwanza na redio kwa sababu hakutaka kuja mikono mitupu.

Rimberia, hakuuliza habari ya kifungo chako wala ya rufaa. Mambo ya wazee na mifugo ya fidia anasema yalishakwisha na hayataki tena. Ana swali moja. Kortini ilisemwa kwamba mtoto alikimbia akaingia mbele ya gari. Mama yake, Talaso, ndiye aliyemtuma dukani ng'ambo ya barabara kununua majani ya chai. Roba alipopata habari alimwambia mkewe, "Wewe ndiye uliyemtuma." Alimwambia tena siku nyingine, na nyingine, mpaka mama akafunga vitu vyake akarudi kwa watu wake Garbatulla. Roba anataka kujua kama ni kweli mtoto alikimbia. Anasema wewe peke yako ndiye uliyeona.

Nilimwahidi nitakuuliza. Basi nimekuuliza.

Dada yako,
Kinanu


Gerezani
13 Julai 2025

Dada Kinanu,

Soksi zimefika, mwambie mama zimenienea vizuri. Huku kuna baridi sana mwezi huu, asubuhi mikono haifungi. Paa la karakana linavuja upande mmoja, tukahamisha mbao. Madawati tumemaliza, sasa tumepewa kazi ya milango. Mzee tunayefanya naye kazi ni wa Garissa, ananifundisha kuunganisha mbao bila misumari, na anasema mlango mbaya unajulikana siku ya mvua.

Maharagwe yamekuwa na wadudu lakini yameboreshwa wiki hii.

Kijani ikiwa hafifu, nyuma ya TV kuna vifundo vitatu vya kuzungusha. Kimoja ni chake.

Mengine sina.

Rimberia


Bulapesa
27 Julai 2025

Rimberia,

Mama ni mzima. Hapa pia kuna baridi.

Kijani nimekirekebisha. Kisha nikaizima mashine na kuifunika shuka. Vijana wanauliza itawashwa lini, nawaambia bado.

Roba anakuja kila siku ya mnada. Ananisalimu, ananiuliza kama mama ameamka salama, anakunywa chai, anaondoka. Hajaniuliza hata mara moja kama umejibu. Nimesoma barua yako mbele yake kimyakimya, na alijua kwa jinsi nilivyoikunja. Sikuwa na mahali pa kuyaweka macho yangu.

Nimekuandikia juu ya springi na nyaya tangu Januari kwa sababu ulikuwa umeacha kuandika, umeacha kutoka, na mama alikuwa ameanza kuniuliza kama kweli uko hai. Ningekuandikia hata habari za pasi ya umeme, mradi ujibu. Lakini sasa si mimi ninayeuliza. Usinijibu mimi habari za milango.

Kinanu


Gerezani
24 Agosti 2025

Dada yangu,

Natumaini barua hii inakukuta na afya, na mama pia. Nimeianza mara nyingi nikaichana.

Neno analoliuliza yule mwanaume sitaliandika. Si kwa sababu ya kiburi. Barua hii itasomwa kwanza na askari, halafu na wewe, ndipo yeye asomewe. Baba hawezi kuwa wa tatu kupata habari ya mtoto wake. Mwambie aje mwenyewe. Nitatoka.

Lakini kabla hujamleta, fikiria jambo moja, kwa sababu wewe ndiye utakayeishi na mama, mimi siko. Rufaa yangu imesimama kwa mguu mmoja, na mguu huo ni lile neno kwamba mtoto alikimbia. Wakili hana lingine. Akija, nami nikimwambia nitakalomwambia, siwezi kurudi mbele ya hakimu na kusimama kwa mguu huo. Nitamaliza kifungo chote.

Umeelewa ninachosema. Usiniandikie kwamba umeelewa. Ukimleta, nitajua umeamua. Usipomleta, pia nitajua, na sitakulaumu hata siku moja.

Rimberia


Bulapesa
7 Septemba 2025

Ndugu yangu,

Salamu kutoka kwetu sote. Mimi na Roba tunakuja Jumamosi ya tarehe ishirini.

Nilimwambia mama, kwa sababu nisingeweza kumficha. Aliendelea kumenya viazi mpaka sufuria ikajaa kuliko tunavyoweza kula. Halafu akasema, "Nilikuwa naomba atoke. Sikuuliza atoke akiwa nani." Jioni akamrudishia wakili makaratasi yake ndani ya bahasha, na kwenda kwa wakili alikataa nimsindikize.

Hana hasira na wewe. Lakini amezeeka wiki hii, na ni haki yako ulijue hilo.

Kinanu


Gerezani
28 Septemba 2025

Dada Kinanu,

Msalimie mama, na umshukuru kwa uji wa wimbi. Askari aliruhusu nikaunywa wote.

Ulibaki nje langoni kwa sababu Roba alitaka kuingia peke yake, na naona ni haki uambiwe kilichopita huko ndani. Nilimwuliza kama naweza kukueleza, akakubali. Askari aliyesimama karibu alisikia yote, kwa hivyo hakuna siri tena.

Nilidhani atakuwa mtu mkubwa. Kwa muda wote huu nilikuwa nimemwona mkubwa kichwani mwangu. Ni mwembamba, na kanzu yake ilikuwa imepigwa pasi. Tulikaa kwenye benchi za mbao, meza katikati. Akanisalimu kwa Kiborana, "Nagaa," nami nikaitikia vibaya.

Nikamwambia hakukimbia.

Nikamwambia asubuhi ile nilikuwa nimechelewa kutoka mlimani, nimebeba miraa ya kupeleka Merti kwa pikapu, na mwenye mzigo alikuwa amenipigia simu njiani akasema ikifika imenyauka nisirudi kwake kutafuta kazi. Wewe unajua kwamba mimi ndiye niliyekuwa najisifu kwamba sijawahi kufikisha mzigo umenyauka, kwa hivyo simwekei yeye lawama. Karibu na maduka ya Gotu kulikuwa na lori la ng'ombe mbele yangu, na vumbi lake lilikuwa kama ukuta. Kulia kulikuwa na shimo. Nikaamua kulipita kushoto, nje ya barabara. Nikatoka kwenye vumbi.

Yule mtoto alikuwa amesimama. Alikuwa ameshavuka, amerudi upande wa kwao, amesimama mbali na barabara kuliko watu wazima wanavyosimama, akingoja lile lori lipite. Alikuwa ameshika pakiti ya majani ya chai kifuani. Hakuja barabarani. Gari ndilo lililomfuata alipokuwa.

Niliposimamisha, watu wakaja, mmoja akapiga kelele kwamba lazima mtoto alikimbia, watoto hukimbia. Mimi sikusema ndiyo wala la. Polisi wakaandika hivyo. Wakili akaona limeandikwa, akalishika. Kila mara niliponyamaza lilizidi kuwa kweli. Ndiyo sababu sikutaka kutoka Krismasi. Mama angeniambia ameomba juu ya rufaa, nami ningeitikia amina.

Askari alikohoa kutukumbusha muda. Kisha Roba akauliza kama mtoto aliogopa. Nikamwambia hakuniona, alikuwa anawatazama ng'ombe kwenye lori. Akasema, "Alipenda ng'ombe." Akafunika uso kwa kilemba chake. Nilitaka kuweka mkono wangu juu ya meza karibu na wake, nikaona sina ruhusa hiyo, nikauweka magotini.

Alipoinuka hakusema amenisamehe. Sikumwomba. Alisema, "Umeniambia." Kisha akatoka.

Nimemwomba mkubwa wa gereza, ameniitia karani, nimetoa maelezo upya na kutia sahihi. Rufaa nimeiondoa. Usiku wa kwanza baada ya hapo nililala mpaka kengele. Sijui kama ni haki mtu kama mimi kulala, lakini nililala.

Ukija na mama nitatoka, wakati wowote.

Kuhusu ile mashine: kwenye bodi, karibu na kona, kuna safu ya swichi ndogo nyeupe kama meno ya mtoto. Zile mbili za mwanzo zinapanga muda. Mzee Dualeh aliniambia zamani nizisukume upande wa muda mfupi kabisa, ili sarafu ziingie kwa haraka, nami nikazisukuma. Tulijifunzia kuendesha hapo, mimi na wenzangu wote. Sisemi kwamba mashine ndiyo iliyoendesha pikapu. Lakini kama utaiwasha kwa watoto wa mtaani, zirudishe upande ule mwingine.

Ndugu yako,
Rimberia


Bulapesa
9 Novemba 2025

Ndugu yangu mpendwa,

Pokea salamu za mama, ambaye sasa anaweza kulisema jina lako bila kuweka neno rufaa nyuma yake. Ilimchukua muda. Kulikuwa na Jumapili alizobaki nyumbani kwa sababu hakutaka kuulizwa habari za kesi, halafu mwishowe akasimama yeye mwenyewe kanisani akawaambia wasiombe tena juu ya jambo hilo, waombe juu yako na juu ya nyumba ya watu wa Gotu. Alikaa chini bila kueleza zaidi. Mchungaji kijana alikuwa na akili, akaanzisha wimbo. Tutakuja kukuona baada ya mavuno.

Swichi nimezirudisha. Sasa hata anayeendesha taratibu anafika kwenye lango. Vijana wakubwa wanalalamika kwamba mchezo umekuwa rahisi, nikawaambia mashine ni yangu. Watoto wa shule wanakuja wakishatoka, wanapanga foleni hadi nje.

Tangu siku ile ya langoni Roba hakuonekana tena mnadani. Nilisikia kwa wauza mbuzi kwamba amekwenda Garbatulla. Sikujua zaidi, nikaogopa kuuliza.

Alhamisi iliyopita alipita. Nilikuwa nimeinama kwenye simu ya mtu, nikasikia kengele za mbuzi, nikatoka. Alikuwa na wanyama wake wote, anawahamisha kuwapeleka Garbatulla. Mwanamke mrefu aliyevaa buibui alikuwa upande wa pili wa kundi akiwazuia wasiingie kwenye viazi vya jirani. Alikuwa Talaso.

Aliingia dukani peke yake. Roba alibaki nje na mifugo. Nilimpa kiti, nikapika chai, nikamwaga nusu ya maziwa. Aliongea polepole, kwa Kiswahili cha kutafuta maneno, na mimi nilitamani asimalize na nilitamani amalize.

Aliniambia Roba alipofika kwa wakwe zake hakuingia ndani. Alisimama nje ya boma tangu alasiri, mpaka baba mkwe akamtuma mtu aulize anataka nini. Akasema ana neno la kumwambia mkewe, na analisema akiwa amesimama. Akamweleza yote kama ulivyomweleza. Talaso akamjibu kwamba alijua.

"Nilimfundisha mimi," akaniambia. "Lori ikija, toka mbali, simama, ngoja mpaka vumbi ikae. Kila siku nilimwambia. Huyu mtoto alikuwa anasikia. Mimi nilijua hakukimbia. Nilikuwa nangoja baba yake aniulize, na yeye hakuuliza mimi. Aliuliza watu wa korti, aliuliza wewe, akaenda mpaka jela."

Nilimwuliza kama amemrudia. Akasema Gotu hatarudi, hawezi kuishi akiitazama barabara ile. Basi Roba ndiye aliyehama. Wazee wa upande wake wanamcheka kwamba amekwenda kuishi kwa wakwe, naye anawaacha wacheke.

Hakuniambia wamekusamehe, na sikuuliza, kama ambavyo wewe hukuuliza. Alikunywa chai yake yote. Aliitazama mashine, watoto wawili walikuwa wakicheza, akawatazama mpaka wakamaliza. Halafu akageuka kwangu akasema kitu ambacho naandika kama alivyokisema.

"Bwana yangu ananiambia nyinyi watu wa hii nyumba mnasema 'yule mtoto.' Ndugu yako kule ndani alisema 'yule mtoto' mpaka mwisho. Yeye ana jina. Kama ni yeye alimwona mwisho, basi alijue, na aliseme."

Nilirudi kwenye barua zetu nikazisoma zote, zako na nakala za zangu. Amesema kweli. Tangu siku ile hakuna hata mmoja wetu aliyeliandika, hata mimi siku Roba alipolitaja mbele yangu. Nililikwepa kama wewe.

Basi naliandika hapa. Ukilifikia, usilisome kimoyomoyo. Lisome kwa sauti, hata kama kuna watu.

Darmi.

Dada yako,
Kinanu